Meno Kumi na Moja

Juu kilimani Makanga, Kabale, ambako ukungu
huamka kabla ya watu,
nina Toyota nyekundu ya viti viwili, kuukuu,
injini imebebwa mgongoni kama mtoto mchanga,
na nyuma ya gurudumu la kulia, mwaka wa sita huu,
tofali.

Jumanne usiku nilisahau tofali.
Gari halikukimbia. Liliteremka kwa adabu,
kama mgeni anayeondoka bila kuamsha wenyeji,
likapita mgomba, likapita kamba ya nguo,
likaegemea banda la mbuzi la mama Turyatemba.
Hakuna aliyeumia. Ila beberu mmoja, mpaka leo,
akiona kitu chekundu hukojoa.

Fundi Kyarisiima alikuja na jeki na chupa ya bushera.
Hakufungua kisanduku cha spana.
Aliketi penye usukani, akafumba macho,
akavuta breki ya mkono taratibu,
kama mtu anayehesabu shanga gizani:
ka, ka, ka, ka.
"Kumi na moja," akasema. "Yenye afya
hushika kwenye jino la saba.
Hii yako inapanda mlima kuliko gari lenyewe."

Nikamwambia: kaza waya. Waliotangulia wote walikaza.
"Naona. Nati imefika mwisho wa hesi,
haina pa kwenda. Mmekuwa mkimchapa tarishi
kwa barua asiyoiandika."

Akakanyaga pedali: ngumu, imesimama imara.
Basi si mafuta.
Akainua nyuma, magurudumu mawili hewani,
mimi nivute jino moja moja, yeye azungushe.
La tano: la kushoto likaanza kunung'unika.
La saba: la kushoto kimya.
La kulia likazunguka.
La tisa, likazunguka.
La kumi na moja, bado, laini, bila haraka,
kama mlevi asiyesikia kuwa baa inafungwa.

"Njoo uone."
Nikalala chali matopeni, na miaka yangu sitini na minne,
tochi mdomoni.
Kuna kimkono kidogo pale, si kirefu kuliko kidole gumba,
ambacho waya hukivuta kila nivutapo,
nacho hutakiwa kurudi kila niachiapo.
Kilikwama katikati, ndani ya kutu.
Gamba la waya limepasuka, na mvua za Kabale,
unazijua, hazibishi hodi.

"Kisichorudi mwanzo," akasema kutoka upande wa pili wa ekseli,
"hakiwezi kuvuta mpaka mwisho."

Kisha akafanya jambo lililonikata maini:
akalegeza. Nati yote, alama zote za waliotangulia,
mpaka breki ikapwaya mkononi mwangu
kama kijiko ndani ya kikombe kitupu.
Miaka sita nimevuta kwa mikono miwili,
nikiamini kuvuta ndiko kushika.

Mafuta ya kulainisha kutu. Brashi ya waya. Nyundo ndogo.
Matusi mawili ya Kikiga, ambayo sitayatafsiri.
Kimkono kikasogea. Kikarudi.
Kikasogea, kikarudi.
Akakanyaga pedali mara thelathini, akihesabu kwa sauti,
ili pedi zijikumbushe mahali pake,
ndipo akaigusa nati: robo mzunguko.
Akasubiri. Robo nyingine.

"Waya mpya utakuja na basi la Ijumaa toka Kampala.
Kwa sasa inashika. Usiionee."

Nikavuta, kwa mkono mmoja. Tano. Sita. Saba.
Gari likatulia mteremkoni, pua ikitazama bonde,
mama Turyatemba akitazama juu ya ua,
na beberu wake nyuma ya sketi.
Kyarisiima alilikalia tofali akimalizia bushera yake,
akaondoka na jeki begani.

Tofali nililiingiza ndani.
Sasa linazuia mlango wa jikoni,
ambao nao, tukisema ukweli, haujifungi vizuri,
na ambao mimi, kwa miaka,
nimekuwa nikiusukuma tu kwa nguvu zaidi.